Uzi wa Grafini Hausokotwi

Siku aliyokufa, Sitati alitoka nyumbani kwa haraka, hata chai hakuimaliza. Gari lilimgonga kwenye barabara ya Njoro kabla hajafika kazini. Mkewe, Milcah, alikuwa barazani akisokota sufu ya kondoo iliyotoka Keringet. Hiyo ndiyo kazi yake, kusokota nyuzi na kuwauzia wafumaji wa masweta. Simu ilipolia, mikono yake ilikuwa imejaa mafuta ya sufu. Aliipokea hivyo hivyo.

Walimzika kwao Bungoma. Baada ya mazishi, Nicodemus, kaka ya Sitati, alimwita Milcah kando.

"Shemeji, rudi Nakuru ufungashe vitu. Mwisho wa mwezi naleta kenta, lile lori dogo. Wewe na binti yenu Mitchelle mtakaa hapa nyumbani."

"Mitchelle anasoma Nakuru."

"Shule hata huku ziko. Nakuru utakula nini? Sufu?"

"Nitakula jasho langu, shemeji. Kenta yako ikija, ibebe mahindi."

Sitati alikuwa ameajiriwa na Shruti, mwenye karakana ya nguo mjini Nakuru. Shruti alisomea mambo ya nguo chuoni. Katika chumba cha nyuma, yeye na Sitati walikuwa wakitengeneza uzi wa aina mpya. Ni mwembamba kama unywele, lakini una nguvu, tena unapitisha umeme na kupata joto. Walitaka kuufuma ndani ya glavu za kuwapasha vidole watu wa bodaboda kule Molo, ambako baridi ya asubuhi haina huruma.

Aliporudi Nakuru, Milcah alikwenda moja kwa moja kwa Shruti.

"Nipe kazi ya Baba Mitchelle."

"Pole, Mama Mitchelle," Shruti alisema. "Lakini chumba kile nafunga. Peke yangu siwezi."

"Mikono ni hii. Nimesokota uzi tangu nikiwa msichana."

Shruti aliitazama mikono hiyo. "Haya. Jaribu hadi mwisho wa mwezi. Uzi ukikataa, nafunga."

Walivaa glavu na miwani. Shruti alimwonyesha chupa yenye uji wa rangi ya kahawia.

"Unaijua ile nyeusi ya ndani ya penseli? Ni tabaka nyembamba mno, zimelaliana. Tabaka moja tu ndiyo grafini. Hapa imetiwa oksijeni ili ikae vizuri ndani ya maji."

Alisukuma uji ule kwa bomba la sindano, ukaingia katika beseni la maji yenye chumvi ya kalsiamu. Ulipoyagusa maji, uliganda ukawa uzi.

Milcah alijaribu. Alifanya alivyozoea: aliusokota uzi, akaukunja kishada, akauning'iniza ukauke. Kesho yake ulikuwa umejikunja kama majani makavu. Alipoushika, ulivunjika. Alirudia, ukavunjika tena.

Nicodemus alipiga simu. "Shemeji, nasikia siku hizi unasokota masizi!"

"Masizi yako jikoni kwako. Huku ni kazi," Milcah alijibu, akakata simu. Kisha alikaa chini akalia kidogo. Alipomaliza kulia, alimwita Shruti.

"Nakosea wapi?"

"Unaufanya kama sufu," Shruti alisema. "Sufu ni nywele ndefu. Ukizizungusha zinakamatana. Grafini ni vipande bapa, kama chapati. Vikilala sawasawa, kimoja juu ya kingine, vinashikana vyenyewe na umeme unapata njia. Ukisokota, vinakunjana."

"Kwa hiyo nisisokote kabisa?"

"Usisokote. Uvute polepole ungali mbichi. Kisha ufunge ncha zote mbili kwenye fremu, ukaukie hapo ukiwa umenyooka."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Baba Mitchelle alikuwa hasokoti. Sikujua kwamba mkono wako utasokota wenyewe!"

Wote wawili walicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Milcah alivuta polepole. Akafunga ncha mbili. Uzi ulikauka ukiwa umenyooka. Kisha waliulaza katika maji ya moto yenye vitamini C, yakaondoa ile oksijeni. Uzi wa kahawia uligeuka mweusi wenye kung'aa.

Mwisho wa mwezi, Nicodemus alifika na kenta. Alimkuta Milcah karakanani. Milcah hakumwambia aketi. Aliunganisha nyuzi kadhaa, akazining'iniza, akafunga kufuli chini yake. Kufuli lilining'inia. Kisha aliunganisha nyuzi hizo na betri ndogo na taa ndogo. Taa ikawaka.

Nicodemus aliguna. "Ya nini yote haya, na waya wa shaba umejaa madukani?"

"Shaba ni nzuri kwa nyumba," Shruti alisema. "Lakini ni nzito, na nguo ikikunjwakunjwa waya wake hukatika. Huu ni mwepesi, unakunjika na vidole."

"Nikichomeka kwenye soketi ya ukutani je?"

"Usithubutu! Umeme wa nyumba unaua. Huu ni wa betri ndogo tu."

Nicodemus alimgeukia Milcah. "Shemeji, dereva anangoja."

"Mwambie awashe gari," Milcah alisema. "Mje tena Desemba mtutembelee. Mkija na mahindi, mtapikiwa."

Kenta iliondoka tupu.

Shruti hakukifunga chumba cha nyuma; sasa Milcah anafanya kazi humo, Jumatatu hadi Ijumaa. Jozi ya kwanza ya glavu bado haijakamilika.