Namba Zilizolala Kwenye Kadi ya Asma

“Usinipigie kelele kwenye ua wangu, Mama Estelle! Namba za ofisi ulizifuta wewe, kwa vidole vyako mwenyewe!”

“Sikufuta kitu, Mama Asma. Hazikuwahi kufika kwangu.”

“Hazikufika! Zilipotea njia? Zilikuwa zinakuja kwa miguu?”

Majirani wakaangua kicheko. Asubuhi hiyo katika mtaa wetu wa Kasongo, aliyekuwa aende shamba hakwenda, na aliyekuwa aende sokoni alituma mtoto. Ugomvi mzuri haungoji mwaliko. Watu walijipanga kwenye ua wa matete, mmoja na mswaki mdomoni, mwingine na mtoto mgongoni, wasikose hata neno.

Asma, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa kando ya jiko akisugua sufuria kabla ya kwenda shule. Sufuria ilikuwa imekwisha kutakata zamani. Aliendelea kuisugua tu, kichwa chini.

Mama yake alikuwa mkuu wa ushirika wa akina mama wanaotuma mawese Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Madumu yalipakiwa kwenye pikipiki, na kazi yote ilishikwa na simu: nani ameondoka, nani amefika, barabara ikoje. Mama Estelle, jina lake mwenyewe Cadette, alikuwa ametoka Shabunda akiwakimbia watu wenye bunduki. Alipewa kazi ya kushinda ofisini na kuwapasha madereva habari za njia.

Jumatatu iliyopita mvua ilibomoa daraja upande wa Kabambare. Habari ilimfikia Cadette mapema. Simu ya ofisi mwandishi alikuwa ametoka nayo, basi alifungua yake amzuie Radjabu, kijana aliyekuwa njiani na madumu. Jina la Radjabu bado halikuwemo. Hakuna jina lolote la ofisi lililokuwemo. Cadette alikimbia nyumba kwa nyumba akitafuta mtu mwenye namba hiyo, na alipompata, Radjabu alikuwa amekwisha kutumbukia pale darajani na pikipiki yake. Mguu ulivunjika vibaya.

“Leo jioni akina mama wanakutana hapa,” alisema Mama Asma. “Utarudisha ufunguo wa ofisi. Na kile chumba cha ushirika unacholala, utakiacha.”

“Niende wapi na mtoto?”

“Ulikotoka kuna njia ya kurudi.”

Asma aliinua macho kidogo, akayashusha tena. Katika mtaa mzima, yeye peke yake alijua namba zilikokwenda.

Ilikuwa hivi. Nyumbani kwao kulikuwa na sahani ya umeme wa jua juu ya bati, na majirani walileta simu zao kuchaji. Simu ya Cadette ilikuwa na kioo kipana na picha safi. Asma alikuwa na kadi yake ya simu, aliyoificha kwa sababu mama yake alimkataza. Jumamosi alitoa kadi ya Cadette, akapachika yake, akaanza kuongea na rafiki zake. Mara sauti ya mama ikatoka uani: “Asma! Leta simu ya Mama Estelle haraka, Blaise anahamisha namba!”

Hakupata nafasi ya kubadilisha kadi. Alitoka mbio, akampa Blaise simu vilevile.

Blaise ndiye aliyekuwa mwandishi wa ushirika. Alichukua simu ya ofisi, akatuma majina yote kwenye simu ya kila mfanyakazi, na kila mara aliamuru yahifadhiwe kwenye kadi. Ndiyo desturi ya kwetu: simu inaanguka mtoni, inalowa mvua, inakufa, lakini kadi unaichomoa na kuihamishia nyingine, na watu wako wote wanakuja nayo. Basi majina yakaingia kwenye kadi iliyokuwemo. Jioni Asma alirudisha kadi ya Cadette mahali pake. Usiku alipochungulia kadi yake kwa simu ya rafiki, aliwaona wote wamejaa humo: madereva, wanunuzi, Radjabu. Alielewa mara moja. Akafikiria fimbo ya mama yake, akanyamaza.

Jumapili Cadette alimfuata Blaise.

“Papa Blaise, kwangu hamna kitu. Namba ni za dada yangu na za Shabunda tu.”

“Zima, uwashe.”

Alizima, akawasha. Hamna. Alitoa betri, akaifuta kwa kitenge, akairudisha. Hamna.

“Nihamishie tena, tafadhali.”

“Niliziona zinaingia kwa macho yangu,” Blaise alisema, huku akiwakonyeza waliokaa karibu. “Kwa wengine wote zimeingia. Kwako tu ndiyo haziingii? Labda simu yako haisikii lugha ya Kasongo!”

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Asma alikuwepo, naye alicheka. Kesho yake Radjabu akaanguka.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Estelle, binti wa Cadette, alisoma darasa moja na Asma. Watoto walimzunguka wakati wa mapumziko.

“Mama yako ameuza namba kwa wachuuzi!”

“Ameuza mguu wa Radjabu! Kilo bei gani?”

Neno hilo la kilo lilikuwa la Asma. Alilitunga siku ya Jumanne, watoto wakalipenda, likaenea kama moto kwenye nyasi kavu. Siku hii ya ugomvi Estelle aliwapita wote, akasimama mbele yake.

“Asma, nilifikiri wewe utanitetea. Simu ya mama inalala kwenu kila siku. Unajua yeye hajui hata kufuta ujumbe.”

“Mimi najua nini?” Asma alijibu. Wenzake wakampigia makofi.

“Sawa. Kesho tunaondoka. Mama anasema tutatembea mpaka Lusangi, halafu tutaona.”

“Mutembee vizuri!” mtoto mmoja alipaza sauti. “Daraja iko chini!”

Asma alifungua mdomo acheke na wenzake. Kicheko hakikutoka.

Jioni ua wa Mama Asma ulijaa. Cadette alikaa chini kwenye mkeka, Estelle pembeni yake na fungu la nguo lililokwisha kufungwa.

“Jambo moja tu naomba,” Cadette alisema. “Papa Blaise azihamishe tena mbele yenu. Zikikataa, mtajua simu ndiyo mbovu.”

Blaise alipumua kwa nguvu, akaichukua simu. Safari hii kadi ya Cadette ilikuwa ndani. Majina yaliingia yote, bila shida. Cadette aliyaona, uso wake ukaangaza, alidhani ameokoka. Maskini, hakujua amejichimbia shimo.

“Munaona?” Mama Asma alisimama. “Simu iko muzima kabisa! Kwa hiyo na Jumamosi ziliingia. Kwa hiyo alizifuta!”

“Mtu hafuti bila sababu,” alisema mwanamke mmoja. “Aliwauzia wachuuzi, akalipwa azifute kwetu.”

“Mutu wa kuja ni mutu wa kuja tu!”

Cadette alifungua fundo la kitenge chake, akatoa ufunguo, akauweka kwenye mkeka. Estelle alinyanyua fungu la nguo na kuliweka kichwani. Watu walipisha njia, si kwa heshima, bali kama mtu anavyompisha mgonjwa wa upele.

Wakati huo Asma alikuwa amesimama mlangoni. Alijua wakishavuka ule ua, neno lake halitakuwa na kazi tena. Aliingia ndani, akachana upindo wa sketi yake ya shule, akatoka na kitu kidogo kama kucha.

“Mama, namba ziko kwangu,” alisema. “Hii ni kadi yangu. Ilikuwa ndani ya simu ya Mama Estelle siku ile. Niliitia mimi, bila ruhusa. Yeye hakufuta.”

Blaise alipachika kadi, akatazama, akatazama tena. “Wote wamo,” alisema kwa sauti ya chini. “Radjabu yumo.”

Kofi la Mama Asma lilisikika mpaka nyumba ya tatu. Halafu, kwa kuwa aibu ikikosa pa kukaa humrukia aliye karibu, alimgeukia Cadette: “Na wewe! Ungesema mapema kwamba mtoto anachezea simu yako!”

“Ningejuaje, Mama Asma?” Cadette aliuliza taratibu. “Mlipewa nafasi ya kunisikiliza, mkaitumia kucheka.”

Hakuna aliyeomba radhi. Mmoja mmoja walikumbuka moto walioacha jikoni, wakaondoka. Mama Asma aliokota ufunguo, akaurudisha mkononi mwa Cadette bila kumtazama usoni. Kisha alimshika binti yake mkono. “Twende kwa Radjabu. Utayasema mbele ya mama yake.” Cadette na Estelle walifuatana nao.

Radjabu alikuwa amelala sebuleni, mguu umefungwa kwa vipande vya mbao. Mama yake, Mama Muzaliwa, alisimama kizingitini akimsikiliza Asma. Asma alisema yote, hata neno la kilo. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote.

“Wewe hukubomoa daraja,” alisema Mama Muzaliwa. “Lakini Jumamosi usiku ulijua, na Jumatatu mwanangu alikuwa bado na miguu miwili mizima. Kuchezea kitu cha mtu ni kosa la kitoto, lingeisha kwa fimbo. Kumwona mwenzako anabeba mzigo wako, halafu ukamcheka, hilo si la kitoto. Ukikosa, sema siku hiyohiyo. Kosa likilala, linaamka na watoto.”

Asma alilia kimyakimya. Radjabu aligeuza uso ukutani.

“Na wewe, mkuu wa ushirika,” mama yule aliendelea, “mwanamke huyu alisema namba hazikufika. Jambo la kuangalia lilikuwa kadi. Nyinyi mliangalia alikotoka.”

Mama Asma alitazama chini. “Nisamehe, Mama Estelle,” alisema hatimaye, na maneno yalitoka kama mwiba unaong’olewa.

“Nimesikia,” alijibu Cadette.

Ndani, harufu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, na samaki ilikuwa imejaa. Mama Muzaliwa alitoka kizingitini, akamshika Cadette mkono, akamwingiza na bintiye. Mama Asma naye aliitwa. Asma alibaki nje peke yake, mgongo ukutani, akisikia sahani zikipangwa. Alianza kushuka ngazi aende zake.

“We, mwenye kadi!” sauti ya Mama Muzaliwa ilimfuata. “Unakwenda wapi? Njoo unawe, kaa karibu na Estelle, ule kabla sijabadili nia.”