Fundo la Mama

Yaliyompata rafiki yetu mmoja, fundi cherehani, tuliyacheka mwanzoni. Alisafiri nchi jirani kupunguzwa ngozi ya kope. Alifuata kila ushauri: alihakikisha daktari ana leseni, akaenda na mdogo wake wa kumwangalia. Marehemu mama yao, aliyemfundisha kushona na kukata uzi kwa meno, alikuwa akimwambia, "Sura niliyokupa usiipeleke kwa fundi mwingine."

Baada ya upasuaji alilala amefungwa bandeji machoni. Katika giza lile akasikia uzi ukivutwa, kisha ukikatwa kwa meno.

"Wee, unashona nini?" alimuuliza mdogo wake aliyekaa kando ya kitanda.

"Mimi? Hata kifungo kinanishinda kushona, dada. Lala, hizo dawa zinakuchezea."

Uzi ukavutwa tena, karibu zaidi.

Asubuhi muuguzi alifungua bandeji. Fundi akangoja mwanga.

"Mbona hamuwashi taa?"

Alimsikia mdogo wake akilia. Akapapasa macho. Kope zilikuwa zimeshonwa pamoja, na pembeni vidole vyake vikakuta fundo lile lile ambalo mama alimfundisha kumalizia mishono. Lilikuwa bado limelowa mate.