Kishikwambi Kilichonuka Baruti

Kishikwambi kilifika Tindiga kutoka Mikumi kikinuka baruti. Barua yake ilieleza kila kitu isipokuwa harufu: ni mali ya serikali, ni cha kuhesabia mifugo tu, na afisa aliyekitumia kabla "hayupo tena kituoni". Ditram, Bwana Mifugo wa kata, alisaini mara nne kukipokea.

Ndani mlikuwa na mchezo usiofutika, jina lake Fataki. Fataki za rangi mbalimbali zilijaa kwenye kioo. Ukizisogeza tatu za rangi moja zikae mstari mmoja, zinalipuka. Ditram aliuona mchezo hauna madhara, na ulifunguka haraka kuliko mfumo wa serikali.

Wa kwanza kuandikishwa alikuwa Nairesiae, mjane wa Kimaasai ambaye hakuachiwa kitu kingine zaidi ya ng'ombe.

"Shikamoo, mama. Una ng'ombe wangapi?"

"Marahaba. Ng'ombe hawahesabiwi, Bwana Mifugo. Ukiwahesabu unawaitia kifo. Nitakutajia rangi zao."

"Mfumo unataka namba, mama."

"Huo mfumo una ng'ombe?"

Akataja: wekundu, weupe, weusi, wa kijivu. Fomu ikazikataa. Ndipo mchezo ukajifungua wenyewe na kuonyesha nafasi tupu: *Taja rangi.* Ditram akacheka, akazijaza zote. Mchana, akisubiri mtandao urudi, akalipua tatu nyekundu.

Kesho yake Nairesiae aliingia bila kungoja salamu.

"Wekundu watatu wamekufa. Walikuwa wamejipanga mtoni wanakunywa maji. Nikasikia pu! Mara moja tu. Manyoya yao yananuka bunduki."

"Labda kimeta," alisema Ditram. Fomu ya vifo ilikuwa na visanduku sita, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa pu.

Akiwa bado anatafuta kalamu, kishikwambi, ambacho hakuna aliyekigusa, kilisogeza fataki nyeupe. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Simu ya Nairesiae ikalia; alikuwa mwanawe, Leshan, kutoka malishoni. Mama aliitazama ikilia na hakuipokea, maana alikwishajua.

Ditram alikitupa kishikwambi chooni, akasikia kikigota chini kwenye shimo, akarudi ofisini, akafunga mlango na dirisha, na alipogeuka akakikuta mezani, kikavu, kikiwaka, kikitoa mlio mwembamba kama wa mbu aliyeingia sikioni, huku harufu ya baruti ikipanda kutoka kwenye droo, kwenye mafaili, mpaka kwenye kola ya shati lake mwenyewe.

Shehe Nassir, mganga wa Kilosa mjini, alikitazama akiwa mlangoni.

"Nani alikipokea?"

"Mimi, shehe. Nilisaini."

"Basi jini ni lako. Siwezi kumtoa mtu aliyepokelewa kwa saini." Alishusha sauti. "Huyu hali nyama. Anapenda mpangilio. Rangi mliyomtajia ni yake. Changanyeni ng'ombe, wa rangi moja watatu wasikae bega kwa bega."

Nairesiae aliwachanganya, akawatembeza mweusi kwa wa kijivu, wa kijivu kwa mweusi, na siku tisa hakufa hata ndama. Kwenye kioo fataki zilizunguka zikitafuta, zikikosa.

Siku ya kumi walikuja wakaguzi kutoka wilayani, Editha na Zabron, wamevaa fulana za bluu za kampeni ya kuhesabu mifugo. Walikuwa na ya tatu.

"Vaa, Ditram. Ripoti bila picha haipokelewi."

Alisita. Kisha akajituliza: bluu haikutajwa. Hakuna ng'ombe wa bluu. Akavaa, wakamketisha katikati yao kwenye benchi, na Zabron akanyoosha mkono na simu kuwapiga picha wote watatu.

Nairesiae, aliyekuja kuomba dawa ya kupe, alisimama mlangoni.

"Bwana Mifugo," alinong'ona, "toka hapo katikati."

"Mama, subiri nje," alisema Editha. "Na wewe Ditram, kazi zenu hamzimalizi. Nimekuta kishikwambi mezani kinauliza rangi, nafasi iko wazi."

Ditram alihisi bega la Zabron likimgusa huku, la Editha likimgusa kule.

"Ukafanyaje?"

"Nimekijazia," alisema Editha, akimshika mkono asiinuke. "Rangi ya sare. Tulia sasa, tutazame mbele."

Nairesiae aliisikia harufu kabla ya mlio.