Karatasi ya Fundi Cherehani

Nyuki huhamishwa jioni, wakisharudi wote. Ndiyo maana nilifika kwa mwanamke mmoja fundi cherehani jua likizama, na bomba la moshi wa kutulizia nyuki, kisu na sanduku tupu. Nilikuwa nimechoka, nimenuna, nataka nimalize nirudi kwa binti yangu. Tunamwita Kidoti. Ana miaka sita na halali mpaka nimnong'oneze sikioni. Baba yake amejaribu, wapi.

Nyuki walikuwa nyuma ya mbao za ukuta, chumbani anakolala fundi.

"Wana muda gani humu?" nikamuuliza.

"Walinikuta," akanong'ona. "Au mimi ndiye niliyewakuta. Sikumbuki."

Nikajisemea, huyu naye. Wanaoishi peke yao wana maneno yao.

Nikabandua ubao wa kwanza. Masega yalishuka mpaka karibu na sakafu, meusi, mazito. Lakini nyuki hawakuvuma. Kundi zima hilo... kimya. Na harufu iliyotoka haikuwa ya asali. Ilikuwa ya jasho, ya nguo iliyovaliwa siku nyingi bila kufuliwa.

Nikapiga moyo konde, nikakata. Fundi alisimama nyuma yangu, karibu mno. Pumzi yake ilinigusa shingoni.

"Unawapeleka wapi?"

"Kwangu. Nina mzinga uliobaki na nyuki wachache. Nitawaunganisha."

"Hawauani?"

"Huuana kwa sababu ya harufu. Mgeni ananuka vibaya. Kwa hiyo unatandaza karatasi katikati, wenyeji chini, wageni juu. Wanaitafuna polepole. Siku ya tatu karatasi imekwisha, harufu zimechanganyika, hakuna anayejua nani mgeni."

"Na malkia?"

"Anabaki mmoja. Wa kwako namuua kabla."

Kisha akauliza, "Una mtoto?"

Sijui kwa nini nilimjibu. Nilimsimulia mpaka habari ya kunong'oneza.

Malkia sikumwona. Nilipekua sega kwa sega hadi macho yakaniuma. Kanuni ninaijua vizuri: hujamwona malkia, huunganishi. Unawaweka kando, unamtafuta mchana kweupe. Lakini giza lilikuwa linaingia na mtoto ananingoja.

"Mwache," fundi akasema. "Atajitafutia nafasi."

Gazeti nilikuwa nimesahau kununua. Akanipa karatasi yake ya kuchorea vipimo, laini, imepauka. Nilipoitandaza juu ya mzinga wangu jioni hiyohiyo, niliona mchoro wa gauni. La mwanamke wa kimo changu, mabega yangu. Nikaweka sanduku juu yake, nikaingia ndani.

Kesho yake nyumba nzima ilinuka chumba cha fundi. Mume wangu alisema hanusi kitu. Kidoti alijibanza kwa baba yake, akaziba pua.

"Mama, unanuka mtu."

Niliumia. Nilioga mara mbili.

Siku ya pili vidole viliingia ganzi, kisha midomo. Mume wangu alipakua chakula akanisahau, akala na mtoto, nami nikaona uvivu kumwambia. Magharibi nilikwenda kumlaza Kidoti. Nikasikia mnong'ono nyuma ya mlango wake.

Nikafungua. Hakuna mtu.

Mtoto alikuwa amelala fofofo. Sikioni pake palining'inia kipande cha uzi.

Nilipaswa kupiga kelele. Nilijua kabisa kwamba nilipaswa. Nikaenda kukaa kitini.

Siku ya tatu nilifungua mzinga. Karatasi ilikuwa imekwisha. Nyuki walipanda mikononi mwangu bila kuuma, na mlangoni mwa mzinga alilala malkia wangu, amekufa. Nilimtambua kwa doa jeupe nililompaka mgongoni mwenyewe.

Nikageuka. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi.

Fundi alikuwa ndani.

Amevaa gauni langu la kijani. Anamsuka Kidoti nywele. Mume wangu anacheka, na alikuwa hajacheka hivyo muda mrefu.

Niligonga. Mlango wangu mwenyewe, na niligonga. Akaja mume wangu, akanitazama kwa adabu.

"Karibu. Unamtafuta nani?"

"Nataka mtoto wangu."

Sauti ilitoka ndogo sana. Akainamisha kichwa asikie vizuri, akanusa kidogo, akarudi nyuma hatua moja.

"Nadhani umekosea nyumba, mama."

Alifunga taratibu. Nyuma yake, yule mwanamke hakunicheka wala kunitazama. Alikuwa anatafuta chanuo.

Hakuna aliyenifukuza. Miguu ndiyo iliyonipeleka kwenye nyumba ile yenye mbao zilizobanduliwa. Majirani walinisalimu, wakaniuliza nguo zao ziko tayari lini. Nikakaa kwenye cherehani, na mikono ikajua la kufanya. Nani aliyeifundisha, sijui. Na fundi naye alikuwa nani kabla ya nyuki kumkuta humu, hilo nimeliwaza mara moja tu, nikaliacha.

Mchana mimi hutoka kusimama kando ya njia wanayopita watoto wa shule. Jana Kidoti alipita na wenzake. Akasimama mbele yangu. Akanitazama kwa muda, na mimi nikadhani labda.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

Akakimbia kuwafuata wenzake. Nilisimama pale nikingoja uchungu uje. Nilingoja sana. Kisha nikarudi ndani, kwa sababu kulikuwa na sketi ya mtu haijapindwa.