Mikate ya Arvali

Jioni ile nilikwenda kwa jirani kuchukua mikate kumi na miwili, maana tanuri letu lilikuwa dogo. Niliporudi na kapu, giza lilikuwa limeshuka mlimani na majirani wamejaa sebuleni, kofia mkononi. Juu ya meza ndefu alilazwa marehemu mzee Isaac Thwaite, bwana niliyemtumikia kwa miaka kumi na tisa.

Mpwa wake Lancelot alikuwa akinusanusa kama aliyeingia zizini. Huyo ndiye mrithi. Viatu vinang'aa, glavu nyeusi, kazi yake kuuza kofia mjini Leeds. Kukamua ng'ombe hajui, lakini shamba analitaka.

"Mikate yote hii ya nini, Tamar?"

"Ya arvali, bwana."

Akacheka. "Neno hilo limekufa. Nimelitafuta kwenye kamusi, imeandikwa halitumiki tena."

Mtu mzima anauliza karatasi jambo ambalo babu yake alilifanya katika chumba kilekile! Arvali ni karamu ya kurithi. Tangu enzi za mababu, mrithi hapewi funguo mpaka majirani waukague mwili, naye aweke kiganja kitupu juu ya paji la marehemu mbele yao. Maiti, husemwa, hutoka damu ikiguswa na aliyesababisha kifo chake; isipotoka, ndipo wanakula mkate. Wakila, wamekubali kwamba hakuna mkono wa mtu katika kifo hicho. Wasipokula, hakuna atakayemsaidia kuvuna, wala kumwazima farasi, wala kununua kondoo wake.

Lancelot aligusa harakaharaka. Na glavu.

Hakuna aliyeusogelea mkate.

"Vua, mwanangu," alisema mzee Jonty Raw, mkubwa wa majirani, kwa sauti ya chini.

"Ushamba mtupu huu."

"Ndio wetu. Vua."

Akavua, lakini mkono ukabaki hewani. Nilimdharau mpaka nikatamani kutema mate. Nikamshika kifundo cha mkono, nikaukandamiza juu ya paji lile la baridi. Vidole vyangu viwili vikateleza, navyo vikagusa.

Kwanza ikaja harufu. Chuma kilicholowa.

Kisha sauti...

Tap...

Tap...

Damu ilikuwa ikimtoka mzee puani, siku ya tatu tangu afe. Nyekundu, mbichi, ikidondokea mezani.

Majirani walivaa kofia, wakatoka mmoja mmoja. Mikate yote ikabaki.

Baadaye daktari alisema maiti huweza kufanya hivyo, hasa chumba kikiwa na moto. Labda. Lancelot aliapa kwamba mjomba wake alipokufa yeye alikuwa Leeds, dukani. Hakuna aliyemsikiliza. Majira ya baridi hayajaisha, shamba likamshinda, akarudi kwenye kofia zake amekonda.

Aliapa kweli. Mimi najua, kwa sababu nilikuwa chumba cha pili. Mzee aliniita mara tatu, pumzi zikimpaa, akiomba dawa iliyokuwa kabatini. Nilikuwa nimemchoka. Nilijifunika blanketi mpaka akanyamaza.

Sijamwambia mtu. Ila nahisi mzee Jonty Raw aliviona vidole vyangu. Kila Jumapili hunisalimu kanisani kwa adabu zote, huniuliza habari za afya, na mikono yake huiweka nyuma ya mgongo mpaka nipite.