Unyevu kwenye Benchi la Nyuma

RIPOTI YA KAMATI NDOGO YA BURUDANI KUHUSU UNYEVU KWENYE BENCHI LA NYUMA, BANDA LA VIDEO LA BWANA KALALA, KAMBI YA WAKIMBIZI YA DZALEKA, OKTOBA 2002.

Hicho ni kichwa cha karatasi yenyewe, na kinakaribia kuizidi ripoti kwa urefu. Ripoti inasema benchi lilikutwa limelowa, chanzo ni paa kuvuja, mwenye banda ameshauriwa azibe. Wajumbe watatu walitia sahihi. Hakuna aliyeuliza paa linavujaje mwezi wa Oktoba, mahali ambapo tangu Aprili mbingu haikuwa imetema hata mate.

Télesphore alikuwepo wakitia sahihi. Kule Bukavu alikuwa mwalimu wa Kifaransa; kambini alikuwa sauti. Kila Jumamosi saa nane mchana Kalala aliwasha jenereta na kuziba madirisha kwa mablanketi, na Télesphore akakaa kando ya televisheni na kipaza sauti chake, akiwafasiria watu filamu za Kiingereza ambazo yeye mwenyewe alizielewa nusu. Nusu ya pili aliitunga.

Kanda alizikodi Chilinde, kule Lilongwe, na alijua zinazojaza banda. Si za karate. Ni za wanyonya damu. Mwaka ule uvumi wa wanyonya damu ulikuwa umezagaa nchini, hata Nathenje watu walifunga milango jua likiwa bado juu, na Jumamosi watu wa kambini walibanana kuwatazama kwa hiari yao. Télesphore aliliwaza sana jambo hilo. Watu hawa walikuwa wamekimbia wauaji ambao hawakuwahi kubisha mlango wa mtu. Kwenye kanda walimkuta muuaji mwenye adabu, nguo zimenyooka, asiyethubutu kuvuka kizingiti mpaka akaribishwe. Tena alikuwa maiti, maiti aliyerudi nyumbani kwa miguu yake. Na mle bandani hakukuwa na mtu asiyekuwa na maiti wake huko njiani, bila kaburi.

Wa Télesphore aliitwa Charlène. Mwaka 1998 boti iliyowatoa Uvira ilipinduka ziwani. Mkononi akabaki na mtoto, Arlène, mke hakumwona tena. Alipofika Dzaleka na kuulizwa wako wangapi, alijibu watatu, na jina la mke likaandikwa kwenye kadi ya mgao. Si kwa tamaa ya unga. Mdomo ulikataa kusema wawili.

Mambo yalianza Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Kwenye filamu, bwana wa joho jeusi alisimama nje ya mlango wa mjane, mvua ikimnyeshea, akasema maneno marefu. Télesphore hakuyaelewa, akayafupisha.

"Hodi," alisema kwenye kipaza sauti.

Na watu themanini wa Bukavu, Uvira na Fizi, wote waliolelewa na mama zao, wakajibu kwa pamoja, "Karibu."

Wakajicheka. Katikati ya kicheko Télesphore alisikia mlango wa bati ukifunguka na kufungwa, ila mwanga haukuingia. Kisha ikamfikia harufu ya matope na ndagala wabichi, dagaa wa kwao, harufu ya ziwa, katika kambi isiyo na ziwa.

Siku ile lililolowa lilikuwa benchi la nyuma, na kamati ikaja, ikaona, ikaandika. Jumamosi iliyofuata yaliyolowa yalikuwa mawili ya mbele yake. Kamati haikurudi, faili lilikuwa limefungwa. Mabenchi yalikuwa matano, na Arlène, mwenye miaka sita, alikaa la kwanza, karibu na baba yake.

Jumamosi ya tatu lililowa la pili, na watu walipotoka, Télesphore aliona kichwa cha mtoto kimesukwa mistari midogo iliyonyooka, na kila msuko ulikuwa ukidondosha maji.

"Nani amekusuka?"

"Mama," alisema Arlène. "Anakaa nyuma yangu. Mikono yake iko baridi, papa. Anasema nisigeuke."

Juma lile mtoto aliacha kula nsima, ugali wa huko, halafu akaacha kusimama. Télesphore alimpakata juu ya kabaza, baiskeli ya kubebea abiria, hadi zahanati, ambako muuguzi alimvuta kope, akasema damu imepungua sana, akatoa vidonge. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Ndani ya kope palikuwa peupe; nyuma ya shingo, chini ya misuko, palikuwa peupe zaidi.

Ndipo alipokwenda kwa Mama Orpa, mshonaji wa kutoka Fizi, ambaye watu walimpelekea yale ambayo zahanati haikuyapatia jina. Orpa alisimamisha cherehani, akashika msuko mmoja, akanusa vidole vyake.

"Papa Arlène, hii si Charlène," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini ya mu ziwa, imevaa jina yake. We njo uliacha jina wazi kwa kadi, na batu bote bakaikaribisha."

Akamweleza la kufanya. Kwanza jina lifutwe. Kisha hodi ile ile ipigwe tena, mahali pale pale, na watu wanyamaze. Ikikosa wa kuijibu, itarudi ilikotoka. Lakini mtu mmoja akijibu, itamwandama huyo mmoja, na wengine itawaacha.

Kule Lilongwe, ofisa wa kadi alimsikiliza kwa upole chini ya feni, akaomba cheti cha kifo. Télesphore akaeleza habari ya boti. Ofisa akasema basi cheti kitoke Kongo. Télesphore akauliza kitoke serikali ipi, maana wakati ule zilikuwa zaidi ya moja. Yoyote, alisema ofisa, mradi iwe na muhuri.

"Bila cheti, kwa sasa yupo," akamalizia, na kwenye fomu akaandika: YUPO.

Ikabaki hatua ya pili. Orpa alipita nyumba kwa nyumba kuwaonya watu. Jumamosi ya nne banda lilijaa, kila mtu kiganja mdomoni, na Orpa akakaa mbele, Arlène mapajani pake. Bwana wa joho akafika mlangoni.

"Hodi," alisema Télesphore.

Kimya. Kisha yakaanza kusikika matone, benchi la nyuma, halafu la nne, halafu la tatu, kama mtu mwenye nguo zilizolowa anayeinuka na kuketi, kuinuka na kuketi, akisogea mbele pole pole kati ya watu waliofumba macho na kuuma mikono ya mashati yao, mpaka harufu ya ndagala ikawajaa kooni na misuko ya mtoto ikaanza kutiririka juu ya magoti ya Orpa, na pale, nyuma ya benchi la kwanza, sauti ambayo haikutoka kwenye televisheni ilipiga hodi kwa lafudhi ya Bukavu, imechoka kidogo, inahema kidogo, kama alivyokuwa akiipiga Charlène alipotoka sokoni, mikono imejaa, akingoja afunguliwe.

Tangu siku ile mabenchi ni makavu. Arlène anakula, anakimbia, kichwa chake kimenyolewa. Filamu sasa zinafasiriwa na mtu mwingine. Télesphore anavaa koti kwenye joto la Novemba, midomo imempauka, na anapopita, vumbi la njia linabaki na alama za maji. Watu wanamheshimu sana. Wanasema mtoto alikuwa anafungua mdomo ajibu, na baba akamuwahi, akajitoa yeye. Kamati inakusudia kumwandikia barua ya shukrani.

Siku ile mtoto alikuwa amelala. Matone yalikuwa yamesharudi hadi benchi la nne, harufu ilikuwa inaisha, na Télesphore akasema karibu.