Lebo Iliyobadilika Himbi

Prodige, fundi wa kwanza wa kompyuta wa ofisi, alikuwa kifudifudi chini ya meza ya mashine, na kichwa chake hakikuwa tena na umbo la kichwa. Jiwe la lava lililofanya kazi hiyo lilikuwa kando yake, zito, limegandwa na nywele. Inspekta Kaswera alihesabu majeraha saba, kisha akaacha, maana mengine yalikuwa yameingiliana.

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Ofisi hii ya mtaa wa Himbi kazi yake ilikuwa kuwaficha mashahidi wa kesi ya kundi moja la wauaji. Siku nne nyuma shahidi mmoja, mama aliyeitwa Mimi, alikatwakatwa kwa mapanga huko Kibati, katika nyumba ambayo anwani yake ilikuwa ndani ya mashine hii tu. Kaswera ndiye aliyempeleka pale, akamwambia, "Lala bila woga, mama." Sasa walibaki mashahidi watatu, na anwani zao zilikuwa humu humu. Kaswera alikuwa na hasira, wala hakujisumbua kuificha.

"Ni yeye alikuwa anauza majina," alisema Valérie, mratibu wa ofisi, aliyeukuta mwili. Alilia vizuri, mkono wa kuume umefungwa kitambaa. "Bale banunuzi bamemuua juu asiseme."

"Umejuaje aliuza?"

"Anwani zilipita kwenye kadi ya mutandao alitengeneza yeye mwenyewe. Uliza Bienvenu."

Bienvenu, fundi wa pili, mwana wa wafugaji wa Masisi, alikuwa mbele ya kioo cha mashine, kamasi zimechanganyika na machozi.

"Ni kweli Prodige alitengeneza ile kadi?" aliuliza Kaswera.

"Ni kweli, mama inspekta. Lakini haiko kadi ya kushika na mukono. Ni kifaa pepe, programu tupu. Habari zinapita mule kama kwenye kadi ya kweli."

"Basi, maneno imeisha," alidakia Valérie.

"Haiyaisha." Bienvenu hakumtazama. "Kiini cha mfumo wa mashine kinabandika lebo ya usalama kwa kila kifaa pepe. Ukikitengeneza, kinapata lebo yako. Mutu mwingine akikichukua, na ako na ruhusa, kiini kinatoa lebo ya kwanza, kinaweka ya huyo mwingine."

"Sema polepole. Kwetu Butembo tuliuza chumvi, hatukuuza mashine."

"Ni kama ng'ombe kwetu, mama. Akiuzwa, anapigwa alama ya mwenyewe mupya. Ukiuliza alizaliwa kwa nani, watakuambia maneno ya zamani. Angalia alama, utajua nani alimushika mwisho."

"Na hiki kiko na alama ya nani?"

Bienvenu alielekeza kidole kwenye kioo. "Ya mratibu. Prodige alimupa ruhusa wakati alienda Butembo kuzika mama yake. Aliporudi alisahau kuitoa. Alikuwa anamuita dada."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na wahenga hawakuwahi kuona kompyuta.

"Mashine ingezimika, hiyo lebo ingefutika," Bienvenu aliendelea. "Nilikuta swichi kubwa ya umeme imeshushwa. Lakini juzi mimi na Prodige tulifunga mashine kwenye betri, na mwenye kushusha hakujua."

Kaswera alimgeukia Valérie. "Mukono umepata nini?"

"Kisu. Nilikuwa namenya viazi."

"Unashika kisu na mukono gani?"

"Wa kuume."

"Sasa kisu kilikata vipi mukono wenye umekishika?"

Valérie aligeuka ghafla. Alinyakua bisibisi mezani, akamrukia Bienvenu, akailenga shingo. Ilimpata begani, ikazama hadi mpini. Kaswera alimdaka mwanamke huyo kifundo cha mkono, akakipinda hadi kikalia, kisha akambana ukutani na kukivuta kile kitambaa. Kiganja kilikuwa kimechubuka chote, na chembe nyeusi za lava zilikuwa zimenasa nyamani.

"Umetoa majina ngapi?"

Valérie alijaribu kujinasua.

"Ngapi?"

"Mbili! Mimi wa Kibati... na Rosine. Rosine ni leo asubui."

Kaswera alipiga simu hapo hapo. Naibu wake, Adalbert, alikuwa barabarani na askari wanne. Akageuza gari kuelekea maficho ya Rosine, mmoja wa wale mashahidi watatu. Bienvenu alifungwa jeraha. Valérie alifungwa pingu, akakaa sakafuni, hatua mbili tu kutoka kwa maiti.

"Sema yote," Kaswera alimwambia.

"Bwana yangu, Onésime, alikamatwa kwenye njia ya Rutshuru. Miezi mbili sasa. Bakaniletea sikio yake ndani ya mufuko wa sabuni. Bakasema, lete jina. Nikatoa moja. Bakasema, bado."

"Na Prodige?"

"Aliona lebo. Hakuita polisi, aliniita mimi, saa kumi na mbili. Akasema, dada, uende ujitoe mwenyewe, mimi siwezi kukushitaki. Kisha akainama kuniwekea chai."

"Ulimupiga mara ngapi?"

"Sijui. Alikuwa anaendelea kuniita dada. Nilitaka anyamaze."

Kaswera alitaka kumpiga teke. Alitaka pia kulia, na hilo lilimuudhi zaidi.

Baada ya nusu saa simu iliita. Alimsikiliza Adalbert kwa muda mrefu, uso umekakamaa.

"Rudia jina ya huyo mwenye mumeshika," alisema. Kisha, "Muangalie kichwa. Masikio yote?" Akakata.

"Rosine ni muzima," alimwambia Valérie. "Amekatwa bega, atapona. Mushambuliaji mumoja amekufa, mwingine amekamatwa kwenye mulango, panga mukononi."

"Na Onésime? Bamesema bamemuweka wapi?"

"Ndiye huyo wa kwenye mulango. Amekubali mwenyewe: hakukamatwa hata siku moja, yeye ndiye alikuwa anabatuma kwako. Masikio yake mbili iko mahali pake."

Valérie alimtazama Prodige, kisha akaitazama mikono yake ndani ya pingu.

"Basi ile sikio nilizika," aliuliza, "ilikuwa ya nani?"